Mkaguzi wa Vijiti Saba

Alikozaliwa sikujui na sikuuliza. Ukoo wake aliuacha getini, kama wenzake walivyoacha baiskeli. Mimi nilimjua ndani ya karakana, kwa hiyo nitamsema huyo wa ndani ya karakana, na anayetaka habari za ukoo aende kwa wenye ukoo.

Tulimwita Mkaguzi. Kwenye karatasi za ofisini hakuwa mkaguzi wa kitu chochote. Alikuwa fundi wa daraja la chini, miaka yote daraja lile lile, kwa sababu kila walipotaka kumpandisha alikuwa amegombana na mtu. Cheo cha Mkaguzi tulimpa sisi wa chini, na kwa kuwa tulimpa sisi, hakuna wa juu aliyeweza kumvua. Walijaribu. Nitafika huko.

Karakana ilikuwa Dodoma, upande wa reli, mali ya shirika la umma ambalo siku hizi halipo hata kibao chake. Tulitengeneza malori, mitambo ya kuchimba visima na mashine za kusaga. Juu, karibu na bati, zilipita winchi, zile mashine za kunyanyulia mizigo zinazotembea kwenye vyuma vyake huko juu, na kila winchi ilining'iniza kulabu yake. Kulabu saba kwa jumla. Namba Moja ndiyo iliyokuwa yangu ya kila siku, na Namba Tatu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, nene kama paja la mtu mzima. Kazi yangu ilikuwa mfunga mizigo: nazungusha mnyororo kwenye injini, naupachika kwenye kulabu, napunga mkono, mwendesha winchi ananyanyua. Elimu yangu ni darasa la tatu, niliishia hapo kwa sababu ya ng'ombe wa baba, na sijuti sana, walikuwa ng'ombe wazuri. Jina langu najua kuliandika. Mlishike hilo la jina, maana nitalirudia, na si kwa kujisifu.

Huyu mtu ulimsikia kabla hujamwona. Mfukoni mwa ovaroli alikuwa na vijiti saba vya mpingo, kila kijiti na kulabu yake, na alipotembea vilikuwa vinagongana kwa sauti kavu, tak tak tak. Kijiti cha Namba Moja kilikuwa na mkato mmoja wa kisu, cha Namba Mbili mikato miwili, hivyo hivyo hadi saba. Nilimuuliza kwa nini mpingo na si mti mwingine, mbona mininga ipo na ni laini kuchonga. Akasema, "Mpingo haujui masika wala kiangazi. Ukiukata leo urefu huu, mjukuu wako ataukuta urefu huu. Wewe ukishiba tu unabadilika kipimo."

Sasa nieleze vijiti, kwa sababu bila vijiti hakuna cha kusimulia. Kulabu mpya ikifika, wengine waliifunga wakaanza kazi. Yeye hapana. Kwanza aliipangusa kama mtu anayeogesha mtoto, akaipitisha kidole ndani ya tumbo lake, pale mzigo unapokaa. Akaipandisha kwenye mtungi wa kapi, lile gurudumu linaloning'inia kwenye waya wa winchi, akakaza nati kwa mkono, kisha kwa spana, kisha akairudisha nyuma kidogo mpaka tundu la nati lionane na tundu la shingo, akachomeka pini ya kuizuia isijifungue. Nyundo hakutumia. "Pini inayoingia kwa nyundo," alisema, "imeingia kwa hasira, na itatoka kwa hasira." Halafu aliisukuma kulabu kwa kidole kimoja. Ikizunguka yenyewe taratibu, vizuri. Ikigoma, aliishusha akaanza upya, hata kama foleni ya malori imefika barabarani.

Baada ya hapo aliijaribu. Alitaka ining'inizwe mzigo mzito kuliko ule itakaobeba maisha yake yote, unyanyuliwe shibiri moja tu kutoka sakafuni, na uachwe hapo. Kisha alileta kigoda chake cha miguu mitatu, akakaa mbali kidogo, akafungua bakuli la ugali wa uwele na mlenda, akala akiutazama ule mzigo. Alikula polepole mno. Meneja wa zamani, yule wa enzi za shirika, alikuwa anapita anasema, "Mkaguzi, bado tu hujashiba?" Naye anajibu, "Mimi nimeshiba. Nasubiri kulabu ishibe." Akimaliza kunawa ndipo anashusha mzigo, anapiga nukta mbili kwa msumari mgumu, moja karibu na ncha ya kulabu na nyingine ng'ambo, zinatazamana. Shingoni anaikata mikato ya namba yake, kisha anakata kijiti cha mpingo kikae katikati ya zile nukta, kibane bila kulazimishwa.

Ikawa kila Jumatatu asubuhi, kabla winchi haijanyanyua hata ndoo, anapita na vijiti vyake. Kijiti kikibana, kulabu ni nzima. Kikipita bila kugusa, basi kulabu imeanza kufunguka mdomo, na chuma kilichoanza kufunguka hakirudi. Hapo hakuna mjadala. Anaishusha, anawasha gesi, anaikata vipande viwili mbele yetu. Alisema kulabu iliyokufa lazima ichinjwe, ukiiacha nzima itaokotwa na mtu mwenye njaa, itauzwa kwa mtu mwenye haraka, na itamwangukia mtu asiyejua lolote. Tuliona anatia chumvi. Tulikuwa wajinga.

Mnaweza kudhani alikuwa mtu wa tahadhari. La. Baiskeli yake haikuwa na breki hata moja. Alikaa upande wa Ntyuka, na kila asubuhi alikuwa anashuka ule mteremko miguu imenyooka pembeni, koti linapepea, anawapigia watu mluzi wampishe. Getini alisimama kwa kuburuza kiatu. Nyumba yake ilikuwa na boriti moja iliyofungwa kwa waya na sala. Nilimwambia, "Mzee, wewe unakagua kulabu za shirika, na boriti ya kwako je?" Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Boriti ikianguka itaniangukia mimi. Kulabu ikikatika itakuangukia wewe. Hapo huoni tofauti?" Kumbe tofauti ipo.

Na alikuwa mkali, nisimpambe. Mwaka fulani nilichoka na ulimi wa kulabu, ile sahani ndogo yenye springi inayoziba mdomo ili mnyororo usichomoke. Unakuchelewesha, lazima uubonyeze kila unapopachika na kila unapochomoa, na mikono ina grisi. Nikaufunga nyuma kwa waya, mdomo ukabaki wazi, kazi ikaenda mbio. Tulifanya hivyo wengi, tena tukajiona wajanja. Jumatatu akaukuta. Hakupiga kelele. Alikata ule waya, akaja nao mpaka nilipo, akanifunga nao kifundo cha mkono kama bangili.

"Umefunga ulimi wa kulabu," akasema. "Basi leo na wako ufungwe. Ukisema neno moja kabla ya king'ora cha jioni, nakwenda ofisini."

Mnanisikia, mnajua mdomo wangu ulivyo. Siku ile nilikaa bila kusema tangu saa moja asubuhi mpaka saa tisa na nusu. Wenzangu walinisalimia makusudi. Mwendesha winchi alinitukana kutoka juu, matusi ya kuchekesha, ili nijibu. Mama lishe alileta chai akaniuliza, "Leo umekuwa bwana harusi, mbona husemi?" Karibu nife. Jioni Mkaguzi akanikata waya akasema, "Siku moja tu umeona tabu. Mwenye kukandamizwa na injini hunyamaza zaidi ya hapo." Sikufunga ulimi tena.

Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyenifundisha kuandika nambari vizuri, wakati wa chai, kwa chaki, kwenye sakafu ya karakana. Yai la sita na mkia wa tisa, kwa uvumilivu ambao walimu wangu wa darasa la tatu hawakuwa nao. Jumapili aliimba kwaya, sauti ya nne, ile ya chini kabisa inayotikisa benchi. Mchungaji alimheshimu, ila alimwogopa pia, kwa sababu alishawahi kusimama katikati ya ibada akaonyesha kengele juu akasema mnyororo wake umekwisha na kwaya ihame upande wa pili. Kwaya ikahama. Kengele haikuanguka. Watu walimcheka mwezi mzima.

Hapo ndipo palipokuwa na tabu ya kazi yake, nimeifikiria sana uzeeni. Fundi wa injini akipatia, injini inanguruma, watu wanapiga makofi. Yeye akipatia, hakuna kinachotokea. Mzigo unapanda, unashuka, watu wanakwenda kunywa chai. Miaka yote ile hakuna aliyekufa chini ya kulabu zake saba, na kwa sababu hakuna aliyekufa, wakubwa wakaona hapakuwa na hatari.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikafika mpaka vijijini, na mashirika yakaanza kupata wenyewe. Karakana yetu ikapata mwekezaji. Kibao kikabadilishwa, kuta zikapakwa rangi ya bluu, winchi zikapakwa bluu, hata choo kikapakwa bluu. Mkaguzi alikataa kulabu zisipakwe. Akasema rangi ni shuka, na mgonjwa hakaguliwi akiwa kajifunika shuka. Meneja mpya, kijana mstaarabu mwenye tai na diploma, alicheka akasema, "Mzee wangu, dunia imebadilika." Mkaguzi akamjibu, "Uzito haujabadilika."

Meneja huyo akatoa amri nyingine, kwamba chuma chakavu kisikatwe, kiuzwe kizima, maana kizima kina wanunuzi. Wiki chache baadaye kijiti cha Namba Tatu, ile kulabu kubwa, kikapita bila kugusa. Mkaguzi akaishusha, akanyanyua mpira wa gesi. Meneja akamzuia kwa maneno ya adabu. Kulabu ikawekwa kwenye kona nzima nzima, na lori la chuma chakavu likaja likaichukua pamoja na magurudumu na mabomba. Mkaguzi alilisindikiza lile lori kwa macho mpaka geti likafungwa. Jumapili iliyofuata hakuimba.

Namba Tatu ikabaki bila kulabu miezi kadhaa. Kazi kubwa zikasimama. Halafu Meneja akatuletea kulabu mpya, imefungwa kwenye nailoni, inang'aa bluu, ameinunua dukani akaambiwa imetoka nje ya nchi juzi tu. Akamkabidhi Mkaguzi mbele yetu kwa tabasamu. Ilikuwa siku ya Jumatano. Ijumaa mwenye mali angekuja na wageni wake kuona tunanyanyua jenereta kubwa ya kinu cha mahindi cha Kibaigwa na kuipakia kwenye lori.

Mkaguzi akaikalisha ile kulabu kwenye meza. Akapitisha kidole tumboni mwake. Akasimama. Akachukua tupa, akakwangua rangi pale karibu na ncha, kisha ng'ambo. Zikatokea nukta mbili. Akaigeuza, akakwangua shingoni, ikatokea mikato mitatu.

"Karibu nyumbani," akaiambia.

Tulikuwa tumenunua kulabu yetu wenyewe. Ile ile aliyoikataa.

Meneja hakuwa mtu mbaya, niseme. Aliona haya, na haya ndiyo iliyomharibu. Akasema kufanana kupo, nukta si pasipoti. Akasema, "Haya, toa kijiti chako tuone." Mkaguzi akatoa kijiti chenye mikato mitatu, akakiweka. Kikabana sawasawa, kama siku ya kwanza.

Meneja akapiga kofi moja la furaha. "Umeona sasa? Kipimo chako mwenyewe kinasema ni nzima."

"Kinasema imetiwa moto ikakunjwa kurudi," akajibu Mkaguzi. "Ilipotoka hapa kijiti kilikuwa kinapita. Nani ameona mzee anarudi ujana bila kutiwa dawa?"

Akaomba mafuta ya taa. Akaipaka kulabu mafuta ya taa tumbo zima baada ya kuondoa rangi, akaiacha muda wa chai, akaipangusa mpaka ikakauka kabisa. Kisha akasaga chaki yake ile ya kunifundishia nambari, akaikoroga na maji kidogo, akaipaka nyeupe juu yake. Tukasubiri ikauke. Tulikuwa kama watu kumi tumeinama juu ya ile meza. Polepole, ndani ya ule weupe, ukatokea mstari mwembamba wa unyevu, kama unywele ulioanguka kwenye uji. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanarudi nje.

Meneja akautazama ule mstari muda mrefu. Akasema, "Huo ni mkwaruzo." Akarudi ofisini. Alhamisi Mkaguzi akatumwa Chamwino kuangalia pampu ambayo haikuwa mbovu, na aliporudi akakuta kulabu imeshapandishwa na fundi mwingine, imepakwa tena bluu.

Ijumaa saa nne wageni wakafika. Watu wawili wa nje pamoja na mwenye mali, suti, viatu vyeupe kwa vumbi letu. Asubuhi ile ile Meneja alikuwa ametukusanya akatuambia kampuni itapunguza wafanyakazi, na kwamba orodha bado haijaandikwa. Hakusema zaidi. Hakuhitaji. Nikaambiwa, "Funga jenereta." Nikachukua mnyororo.

Mkaguzi akanijia karibu. "Usifunge," akasema kwa sauti ndogo.

Nilimsikia vizuri. Nikafunga. Nataka mjue hivyo. Mwenyewe niliona ule unywele kwenye chaki, mwenyewe ndiye ambaye ningekuwa chini naushika mzigo usizunguke, na bado nikafunga, kwa sababu ya orodha.

Yeye hakunikemea. Alikwenda stoo, akarudi amebeba vigoda viwili vya miguu mitatu, kile chake na kingine alichokichonga mwenyewe. Akavipanga katikati ya sakafu, kati ya jenereta na lori, pale pale mzigo utakapopita juu. Akafuta vumbi kwa kiganja.

"Meneja," akasema, "hiki chako, hiki changu. Tukae. Mzigo upite juu yetu mara moja tu, kwenda. Ukifika kwenye lori nitaweka sahihi kwamba kulabu ni nzima, na nitaacha kazi leo leo kwa kukusumbua."

Akakaa. Akaweka mikono magotini, kama yuko barazani kwake.

Mmoja wa wageni akauliza kitu kwa lugha yake. Meneja akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, na mwendesha winchi, aliyesoma kidogo, akatuambia baadaye kwamba alimwambia, "Anawakaribisheni viti."

"Mzee, hapa si mahali pa mchezo," Meneja akasema.

"Ndiyo maana sijasimama."

"Inuka."

"Kaa kwanza. Kama ni salama kwa huyu," akaninyooshea kidole mimi niliyeshika mnyororo, "ni salama kwako. Au yeye fuvu lake limetengenezwa na kiwanda gani?"

Hakuna aliyecheka. Meneja alikitazama kile kigoda. Nadhani alitaka kukaa, aone aibu imekwisha. Akapiga hatua moja. Kisha akatazama juu, kwenye ile kulabu yake ya bluu, na mguu ukakataa. Tuliuona ukikataa. Karakana nzima iliuona.

Mkaguzi akainuka taratibu. Akanyoosha mkono kwa mwendesha winchi, ishara yangu mimi, ya kushusha. Mwendesha winchi akashusha. Kulabu ikafika usawa wa kifua, Mkaguzi akautoa mnyororo wangu kwa mikono yake, akawasha gesi. Meneja akapaza sauti, walinzi wakasogea, lakini nani atamshika mtu mwenye moto mkononi? Chuma kinene kile hakikatiki mara moja. Cheche zilimwagika muda wa kutosha mtu kumaliza sigara, na sisi sote tumesimama, wageni nao wamesimama, mpaka nusu ikaanguka sakafuni kwa kishindo kilichofika miguuni mwetu. Akafunga gesi. Akachukua vijiti vyake, akavitia mfukoni, akaiendea baiskeli yake isiyo na breki. Vigoda aliviacha pale pale.

Hatukuona ile kulabu ikivunjika. Msije mkasema nimewahadaa. Meneja mpaka leo anaweza kusema ilikuwa nzima, na hakuna wa kumbishia kwa ushahidi. Alipatia, na kwa hiyo hakuna kilichotokea.

Jumatatu tukaitwa mmoja mmoja ofisini. Palikuwa na karatasi inayosema mfanyakazi fulani aliharibu kwa makusudi mali nzima ya kampuni, na sisi ni mashahidi. Wengi walitia sahihi. Niliposogezewa kalamu nikasema sijui kuandika. Wakaniletea wino, nikaweka dole gumba. Mnaona sasa kwa nini niliwaambia kuhusu jina. Nililificha. Nilidhani dole halina mwenyewe.

Miaka ikapita, sikumwona. Walisema amehamia kwa binti yake. Mimi sikupunguzwa kazi. Nilibaki na Namba Moja, na hakuna aliyepita tena Jumatatu.

Siku moja nikatumwa Kibaigwa na lori kuchukua mashine ya kusaga iliyokufa. Ulikuwa msimu, mahindi yamejaa mpaka barabarani, madalali wanavutana mashati. Niko kati ya magunia nikasikia tak tak tak. Mwili wangu ukajua kabla yangu. Nikaufuata ule mlio. Alikuwa amesimama mbele ya mizani, ile ya kuning'inizia magunia, jicho moja limeingia ukungu, ameweka kijiti mdomoni mwa kulabu ndogo ya mizani.

Dalali mmoja akamtania, "Mzee wa vijiti, leo umeikataa ya nani? Utatufungia soko."

"Yako," akajibu bila kugeuka. "Na usisimame hapo ulipo, tumbo lako ni gunia la pili."

Madalali wakacheka, lakini nikaona yule dalali amesogea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akageuza lile jicho zima. "Sauti naijua. Mfunga mizigo?"

"Ndiye."

"Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Akavigusa vidole kimoja kimoja kama anakagua, na kwenye dole gumba la kulia akasimama.

"Hiki ndicho ulichowawekea."

"Ndicho. Mzee, jina najua kuandika. Nililificha."

"Najua. Aliyekufundisha mkia wa tisa ni nani?" Akakiminya kile kidole kidogo. "Kiko hai. Basi nilipatia."

Nikamwomba anisamehe. Akasema kusamehe ni kazi ya mchungaji, yeye anakagua. Kisha akauliza, "Namba Moja bado ina kulabu yangu?"

"Bado."

"Inapimwa na nani?"

"Kwa macho."

"Macho ya nani?"

Akatia mkono mfukoni, akavipapasa vijiti bila kutazama, akatoa chenye mkato mmoja. Kimekuwa cheusi zaidi kwa jasho la miaka, urefu ni ule ule. Akakiweka kwenye kiganja changu.

"Na nikikuta kinapita?" nikamuuliza. "Mzee, mimi nina watoto wanasoma."

"Na wangu walikuwa wanasoma," akasema. Akarudi kwenye mizani yake.

Sikumwona tena baada ya hapo. Jumatatu niliingia karakana kabla ya wenzangu, nikashusha Namba Moja mpaka usawa wa kifua, nikafuta rangi ya bluu kwa petroli mpaka nikazipata nukta zake mbili. Nikaweka kijiti. Kikapita. Hakikugusa upande wowote, kikaanguka sakafuni, tak.

Saa mbili lori likaingia na injini. Meneja akatoka ofisini, tai ile ile, mvi kidogo, akasema, "Funga hiyo, tuna haraka."

Nikaweka mnyororo chini. Nikaenda stoo, nyuma ya matairi, pale walipovitupa siku ile, vikakaa miaka yote hiyo bila mtu kuthubutu kuvikalia, nikaleta vigoda viwili, nikafuta vumbi kwa kiganja.